Kopo Lililookotwa Mara Mbili

Ilikuwa mwaka 2011, wiki ya pili ya Julai. Asubuhi zilikuwa za baridi, na ukungu ulilala juu ya machimbo ya Chunya kana kwamba ardhi yenyewe ilikuwa bado inaota. Watu watatu walitafuta dhahabu katika kambi iliyohamwa zamani, kila mmoja na kipaji chake: Mzee Ambakisye alikuwa na subira, Sekela alikuwa na sikio, na Lwitiko, shemeji yake Sekela, hakuwahi kuvunja desturi.

Desturi ilikuwa hii: taka uliyoifukua, uondoke nayo. Msumari ukiachwa, kesho utalia kwenye mashine ya mwenzako ya kutambulia metali, naye atachimba bure.

Mzee Ambakisye alikuwa ametangulia tangu Aprili. Kwa siku themanini na nne alifukua misumari na vizibo vya chupa, akavibeba vyote, hadi uwanja ukanyamaza.

Sekela akafuata na mashine ya kukodi, iliyopaswa kurudishwa Jumamosi. Siku ya sita, ndani ya ukimya ule, alisikia mlio mwembamba, kama mtu anayeitika usingizini. Akachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Akatoa kopo la maziwa, lenye kutu, limejaa udongo.

"Takataka!" Akalitupa kichakani.

Lwitiko, aliyefika siku hiyo moja tu, akafukia shimo, kisha akaliokota kopo.

"Shemeji, unafungua duka la makopo?"

"Wewe cheka tu, shemeji. Uchafu wetu haulali hapa."

Alipolikung'uta jalalani, likadondoka pande la dhahabu, gramu arobaini na mbili. Nani alilificha humo, hakuna ajuaye.

Sekela aliliokota, akalifumbata hadi likapata joto la kiganja chake. Lilitosha kununua mashine moja, yake mwenyewe. Lingegawanywa mara tatu, lisingemfaa yeyote.

"Sikio langu ndilo lililolisikia," alisema.

"Ungelisikia vipi misumari ikipiga kelele, binti yangu?" aliuliza Mzee Ambakisye, aliyekuja alipolisikia jambo hilo. "Macho yangu yameishia pale. Nataka nikatibiwe."

"Na lingebaki kichakani," Lwitiko alisema taratibu. "Wewe ulilitupa, shemeji. Mimi nikalibeba."

Sekela akazidi kulifumbata.

Basi, ninyi mnaosikiliza: mmoja aliinyamazisha ardhi, mmoja akaisikia, mmoja akakataa kuacha taka nyuma. Pande lile libaki kwa Sekela, au limtoke? Je, wewe ungempa nani? Kulipata kuliwagharimu wote watatu siku tisini na moja za kazi.