Jinsi Mjafari Ulivyoota Miiba

Kulikuwa na wakati, wanangu, ambapo mjafari ulikuwa mti wa kuegemea. Ninyi mmeukuta na miiba yake imekaa juu ya vinundu vigumu shina zima, na mnaupitia mbali. Waliokuwapo zamani hizo waliujua mti mwingine kabisa. Gome lake lilikuwa laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa, tena lilikuwa na ubaridi hata jua la mchana likiwa kali. Wanawake waliotoka mtoni walitua mitungi yao hapo, wakaegemeza migongo, wakapiga soga mpaka kivuli kihame. Watoto waliukumbatia. Mtu mwenye huzuni yake alikwenda kuweka paji la uso pale, akasimama kidogo, kisha akarudi kwake.

Katika kilima cha Kidundu mjafari ulikuwa mmoja tu. Ulisimama juu ya kijiji, penye mwamba, na gome lake ndilo lililokuwa dawa ya vidonda vilivyotunga usaha na homa inayoletwa navyo. Hakuna aliyeulinda. Aliyeumwa alikwenda kwa Mghoi, mganga, naye Mghoi alipanda na kisu chake, akabandua ukanda mwembamba upande wa mawio, akapaka udongo pale alipobandua, akateremka kuchemsha. Alikuwa mwanamke mkali wa maneno, mpenda ugoro, asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Mchemsho wake ulikuwa mchungu kiasi cha kumfanya mtu mzima ashike ukuta, lakini walioumwa walipona, na kwa kuwa walipona hakuna aliyeuliza sana habari zake.

Mkawasi alikuwa mjane kijana wa kijiji hicho. Mumewe aliumwa na nyoka akafa kabla binti yao hajaota meno, naye akabaki na mtoto mmoja huyo, Wakesho, na kaka mmoja, Mwakio, mchonga mizinga ya nyuki. Nyumba zao zilitazamana. Mwakio akirina asali, sega la kwanza lilikuwa la Wakesho, hata mkewe Righa akawa anamtania mbele za watu: "Mimi niliolewa na mjomba wa mtu, si mume." Jioni walikaa pamoja uani, Mwakio akichonga, wanawake wakichambua kunde. Hizo ndizo siku ambazo Mkawasi alizitamani maisha yake yote yaliyobaki. Alipokuwa kikongwe, ukimuuliza habari za zamani, hakuanza na njaa wala mvua. Alianza na harufu ya nta, kicheko cha wifi yake, na mtoto aliyekuwa akilamba vidole mpaka kwenye viwiko.

Msimu mmoja wa palizi Wakesho alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kilikuwa kidogo, kikafungwa kitambaa, kikasahauliwa. Kisha mguu ukavimba, ngozi ikavutika ikang'aa, homa ikapanda, na mtoto akawa anazungumza na watu wasiokuwapo. Mkawasi alimbeba mgongoni hadi kwa Mghoi, naye Mghoi akauchunguza ule mguu. Alichukua kisu akapanda kwenye mwamba. Aliporudi alichemsha chungu kizima.

"Kata moja asubuhi, kata moja jioni, na nyingine ya kuoshea," alimwambia Mkawasi, akimpa kata ya kuchotea. "Mpaka uone kitako cha chungu. Hata akianza kucheza, unampa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Siku chache baadaye Mghoi alipata habari ya msiba wa kwao, ng'ambo ya vilima, akafunga nyumba yake akaenda matangani.

Dawa ilifanya kazi yake. Homa ilishuka, uvimbe ukapungua, na asubuhi moja Mkawasi aliamka akamkuta mtoto uani akimkimbiza kuku kwa mguu mmoja na nusu. Alikaa kizingitini akalia kwa furaha. Kisha akatazama ndani ya chungu. Kilikuwa kimejaa karibu nusu. Na kila alipochota kata, Wakesho alijificha nyuma ya mlango, akashikwa kwa nguvu, akalia mpaka akatapika. Mkawasi alifunika chungu akasema moyoni mwake, mtoto amepona, kwa nini nimtese?

Wakati huohuo tezo lake la kuchongea lilimponyoka Mwakio likamkata muundi wa mguu. Kidonda kikageuka kama kile cha Wakesho. Righa alivuka uwanja mbio.

"Wifi, ile dawa haikubaki hata kidogo?"

Ninyi mnaweza kuona kosa liko wapi, lakini Mkawasi hakuona kosa lolote. Aliona nafasi ya kumlipa kaka yake kwa masega yote yale. Alikibeba chungu mwenyewe kichwani, akavuka nacho uwanja akiimba.

Mwakio alikunywa. Mguu ulipokubali kubeba mwili alirudi kwenye mizinga yake, na Righa, aliyekuwa na moyo uleule wa kutoa, akampelekea jirani mwenye jipu dawa iliyobaki. Jirani naye alikunywa, akapata nafuu, akamtumia shemeji yake. Hivyo dawa ya mtu mmoja ikapita mlango kwa mlango, kila mtu akionja, kila mtu akiinuka na kushukuru. Kijijini wakaanza kumsifu Mkawasi. Alipopita wanawake walisema, "Huyu ana mkono wa baraka." Alizipenda sifa hizo. Ni nani asingezipenda?

Kabla mwezi haujaisha, mguu wa Wakesho ulivimba tena.

Safari hii haukuvimba polepole. Ulivimba usiku mmoja mpaka gotini, na usaha wake ulikuwa na harufu mpya ambayo Mkawasi hakuijua. Akakimbilia ng'ambo ya uwanja kuomba msaada, akamkuta Righa naye anatoka kuja kwake kwa jambo lilelile. Wote wale walioonja chungu kile walikuwa wamelala chini, na wengine ambao hawakuwa na hata mchubuko wameanza kuambukizwa.

Mghoi hakuwapo. Watu walichukua mapanga wakapanda kwenye mwamba. Kila mmoja alibandua alichoweza, aliyeumwa na asiyeumwa, maana asiyeumwa naye alitaka kuweka akiba. Walibandua upande wa mawio na upande wa machweo, chini na juu mpaka mikono ilipofika, na hakuna aliyepaka udongo. Walipoteremka, mjafari ulikuwa mweupe mzima kama mfupa. Wakachemsha kwa vyungu, wakanywa kwa pupa, lakini ugonjwa haukushtuka. Wazee wawili wakazikwa, kisha mama mmoja na kichanga chake. Majani ya mjafari yakageuka manjano, yakaanza kudondoka.

Hapo ndipo Mghoi aliporudi. Alitua mzigo wake, akapanda kuutazama mti, akashuka moja kwa moja hadi kwa Mkawasi.

"Ulimnywesha mtoto mpaka kitako cha chungu?"

"Alipona, mama. Alikuwa anakimbia."

"Sikukuuliza kama alikuwa anakimbia."

Mkawasi akainamisha kichwa. Akaeleza yote, kuanzia kile chungu alichokifunika hadi jirani wa mwisho aliyemjua. Mghoi alivuta ugoro wake.

"Ugonjwa ule ulikuwa umeanguka, haujafa," alisema. "Ulihitaji kupigwa mpaka mwisho. Wewe ulimpiga fisi fimbo moja ukamwachia aende zake. Sasa anaijua fimbo yako, na amekwenda kuwaambia wenzake. Kile kilichobaki ndani ya Wakesho, na ndani ya kaka yako, ndicho kilichoizoea dawa."

"Hakuna kitu kingine?"

Kilikuwapo kimoja. Mzizi mmoja wa mjafari ulikuwa umepita chini ya mwamba, mahali mapanga hayakufika, na gome la mzizi ni kali kuliko la shina. Mghoi aliuchimbua kwa mikono yake. Ukatoa chungu kimoja, hakikuzidi. Wagonjwa wengine walikuwa wamezikwa au wameanza kuinuka wenyewe; waliokuwa bado na pumzi lakini wamezidiwa walikuwa wawili: Wakesho, na mjomba wake.

"Tutagawa," Mkawasi alisema haraka. "Nusu kwake, nusu kwa kaka yangu."

"Ukigawa utawazika wote wawili," Mghoi alijibu. "Chungu kimoja, mtu mmoja. Nendeni mkaamue, na msichelewe."

Mkawasi alivuka uwanja ule kama mtu anayepita kwenye maji mazito. Mwakio alikuwa ameegemezwa ukutani, anaota jua, mguu umefunikwa majani ya mgomba kwa ajili ya nzi. Righa alikuwa anampepea. Aliposikia habari ya chungu kimoja alisimama.

"Wewe ndiye uliyetuletea ile dawa," alimwambia Mkawasi. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Ulikuja nayo unaimba."



"Na mimi ndiye niliyeinywa nikaiacha njiani," Mwakio alisema. "Na wewe, mke wangu, ndiye uliyeipeleka kwa jirani. Nani hapa ana mikono misafi? Mpeni mtoto."

"Mwakio!"

"Mimi nimekula asali ya mizinga mingi, Righa. Yule hajapanda hata mti mmoja." Akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua akamtazama dada yake. "Lakini safari hii, mama Wakesho, ainywe yote."

Mwakio alikufa wakati chungu kilikuwa bado kimejaa. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na mzinga aliokuwa hajaumaliza. Righa hakulia mazishini. Hakusema na Mkawasi wala kumtazama, na Mkawasi aliona ni haki yake.

Kwa hiyo alishtuka sana asubuhi iliyofuata alipomwona wifi yake anavuka uwanja. Righa hakubisha hodi. Aliingia, akaketi kando ya mlango, akamtazama Wakesho akinywa kata yake. Alipoona koo limemeza, akaondoka. Jioni akaja tena. Ikawa hivyo kila siku, bila salamu, na Mkawasi akaanza kuitegemea ile hatua yake uani.

Homa ikashuka. Mguu ukasinyaa. Wakesho akaanza kuomba chakula, kisha kucheka, kisha kukataa dawa. Asubuhi moja aliitema yote ukutani akalia, "Mama, sitaki! Nimepona!" Mkawasi akamtazama yule mtoto mwembamba, macho yake maangavu, na mkono wake wenye kata ukashuka. Ile huruma ya kwanza ikamrudia, tamu vilevile.

Righa aliinuka. Akaichukua kata mkononi mwa Mkawasi, akachota upya, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Hii ni ya mjomba wako. Amekuachia."

Wakesho akanywa.

Siku kata ya mwisho ilipochotwa, Mghoi naye alikuja, na majirani wachache walisimama mlangoni. Mtoto alimeza. Righa akaipokea kata, akaigeuza juu chini, akaikung'uta kwa kiganja. Halikuanguka hata tone. Akainama akakipindua na chungu chenyewe, kitako kikaangalia juu.

"Imekwisha," alisema.

Ndipo alipolia. Alilia kwa vilio vyote alivyovikosa mazishini, na Mkawasi, aliyekuwa haoni haki ya kumgusa, alimshika. Wakaketi hivyo sakafuni mpaka watu wakatawanyika wenyewe.

Mti ule mkubwa ulikauka ukaanguka. Lakini mvua zilipokuja, penye jeraha la ule mzizi palichipua kijiti. Watoto walikwenda kukikumbatia kama walivyozoea, wakarudi wanalia, vifua vimechomwa. Kijiti kilikuwa kimeota miiba kabla hakijaota tawi. Watu walitaka kukikata, Mghoi akawakataza. "Mwacheni," alisema, kana kwamba ni mtu. "Ameamua kujilinda mwenyewe."

Na tangu siku hiyo mjafari hauegemewi. Anayetaka gome lake huja taratibu, hutafuta nafasi kati ya mwiba na mwiba, hubandua kidogo upande mmoja, na hupaka udongo kabla hajaondoka. Na tangu siku hiyo, katika vilima vile, mgonjwa hanywi dawa peke yake. Iwe ni mchemsho wa gome au vidonge vya zahanati, jirani wa nyumba nyingine huja kuketi kando ya mlango, hata mgonjwa akiwa amekwishapona na anataka kwenda shambani. Jirani huyo hagombi wala haulizi kitu. Hungoja tu, mpaka aone koo limemeza kidonge cha mwisho.