Neno Ambalo Fundi Hakuliandika

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali ya misheni, kijana hodari, na uhodari wake aliujua mwenyewe kuliko mtu yeyote. Kompyuta yake kubwa ilibeba ndani yake kompyuta nyingine za kufikirika, mashine pepe, kila moja na kazi yake. Msikunje nyuso. Mimi shule niliiacha kidato cha pili na nimeelewa. Nyie wenye vyeti mtashindwa?

Mashine hizo haziendeshwi kwa kubofya picha. Unaandika amri, imekwisha. Programu ya amri aliiandika dada mmoja wa pale pale ofisini, naye alipanga hivi: ukifuta mashine bila kutaja diski yake, yaani ghala la kumbukumbu zake, diski inabaki.

Jambo hilo lilimkera fundi. "Dada, programu yako ina woga kama kuku mgeni. Nikisema futa, ifute yote."

"Ukitaka na diski ife, si uandike?"

"Neno zima la ziada, kila siku? Hiyo wawekee wanaojifunza."

"Nimewawekea, kaka," dada akajibu, akaendelea na chai yake.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, fundi alikuwa na madirisha mawili meusi kwenye kioo: moja la majaribio, moja la kazi ya kweli. Katika yote mawili mashine ya kumbukumbu za wagonjwa aliipa jina lile lile, maana kubuni jina jipya ni kazi. Akataka kuifuta ya majaribio. Akaandika upesi, kwenye dirisha lisilo lake, lile la kazi ya kweli.

Muuguzi akatokea mlangoni. "Kaka, wagonjwa wote wamepotea kwenye kompyuta. Kuna mama yuko kwenye meza ya upasuaji, daktari anataka vipimo vyake vya damu sasa hivi."

Fundi akatazama kioo, akaona dirisha aliloandikia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwambia nini mume wa yule mama, pale nje kwenye benchi?

Akamwita dada kwa sauti ya mtoto mgonjwa, akamweleza.

"Kuhusu diski uliandika nini?"

"Sikuandika kitu."

"Basi ipo. Tengeneza mashine upya, uiunganishe na diski ile ile."

Dakika nne. Vipimo vikarudi, daktari akaendelea. Fundi akafungua mdomo aombe radhi.

"Kanywe maji kwanza," dada akamwambia.

Ndugu zangu, huyu hodari hakuokolewa na ujuzi wake. Aliokolewa na neno ambalo hakuliandika, na mtu aliyeamua mapema kwamba kunyamaza kwa fundi kusiue mtu. Na sisi je? Tukipata tulichoomba tunapiga vigelegele mpaka mabati yanalia. Lakini jana ulipolala, ni wewe uliyeuamuru moyo uendelee kupiga? Kidole ulichojikata na kisu, uliandika ombi gani ndipo kikafunga? Tumeyakuta yamepangwa, na aliyeyapanga alivijua vidole vyetu vizuri, wakati sisi bado tunanung'unika kwamba anatuchelewesha.

Tusimame tushukuru. Leo hatuombi kitu.