Mkanda Uliozidi

Mama zangu na dada zangu, tukae kwa amani. Mwenye mtoto anayelia asitoke nje. Akilia, nitangoja. Leo nina mfano mmoja tu, nao ni wa watu wanaozama baharini.

Kulikuwa na mzamiaji mmoja. Huyu hakuwa mtu wa kuvuta pumzi na kushuka kutafuta pweza. Alizama na mitungi ya hewa, akiongoza wageni wanaokuja kutazama samaki na matumbawe. Kazi hiyo aliifanya pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, na walipatana sana. Mmoja akianza kucheka, mwingine alikuwa ameshajua anacheka nini.

Sasa, mahali walipokuwa wakizama kulikuwa na pango chini ya mwamba, na mlango wake ulikuwa mwembamba. Mtu mwenye mtungi mgongoni hapiti pale. Lakini wako wazamiaji wanaofunga mitungi yao ubavuni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama mtu aliyebana madumu mawili kwapani. Mgongo unabaki wazi, na mtu anapenya. Ili mitungi ikae hivyo inatakiwa mikanda maalumu ya mabegani na kiunoni, na juu ya mikanda hiyo, mgongoni, unakaa mfuko wa hewa. Ukiujaza, unapanda. Ukiutoa hewa, unashuka. Mtu aliyevaa mitungi na vyuma vya uzito hawezi kuelea kwa mikono yake tu. Ni mfuko ule unaomshikilia. Hilo mlikumbuke.

Basi wale mashemeji wawili wakaenda dukani kuchagua. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye cherehani, aliyekuwa akiwapimia watu mikanda na kuwashonea. Akawawekea mezani mifuko miwili. Mmoja ulikuwa mpana, umekunjamana. Mwingine ulikuwa mwembamba, mweusi, umelala kama shati lililopigwa pasi.

"Huu mpana unamwinua mtu na mwenzake," akawaambia. "Huu mwembamba utakuinua wewe. Mwenzako hautamweza."

Shemeji akauchukua ule mpana, akauvaa, akajigeuza mbele ya kioo. Mzamiaji akacheka mpaka akashika meza.

"Shemeji, umenunua godoro."

"Godoro si la kulalia? Siku ukichoka, utakuja kulala."

"Mimi nina kitanda changu. Mama, nipe huo mwembamba. Kila mtu anakuja na mfuko wake. Wa mwenzangu niubebe mimi kwa nini?"

Niambieni, neno hilo lina kosa gani? Kila mzamiaji ana mfuko wake, ni kweli. Ule mwembamba haukwami kwenye mawe, hausumbui ndani ya maji, na wageni wakikupiga picha unapendeza. Mimi na wewe tungesimama pale dukani, labda tungechagua huohuo.

Yule mama akamvisha mikanda. Akakaza mabegani, akakaza kiunoni, na baada ya kukaza, ncha moja ikabaki inaning'inia, ndefu kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole.

"Hii iliyozidi nikushonee kitanzi?" akauliza.

"Ikate."

"Wengine huiacha. Ni ya kushikwa."

"Ya kushikwa na nani?"

Mama akachukua mkasi, akakata, kisha akaiunguza ncha kwa kiberiti ili isifumuke. Kipande kilianguka chini. Mzamiaji alikikanyaga wakati wa kutoka, bila kukiona.

Siku ya kwenda pangoni ikafika. Walitaka kuijua njia kabla ya kuwapeleka wageni. Mwenye boti akawashusha, akasogea mbali kidogo na mwamba kwa sababu ya mawimbi. Wakashuka, mzamiaji mbele, shemeji nyuma, wakaingia ndani ya ule mlango mwembamba.

Katikati ya njia mzamiaji akanasa. Ndoano inayoshikiza mtungi wake kwenye mkanda iliingia kwenye ufa wa jiwe upande wa nyuma, mahali asipoweza kuona wala kufika kwa mkono. Akijivuta mbele, inakaza. Akirudi nyuma, inakaza. Chini ya maji hakuna kuita mtu. Akaanza kupumua haraka haraka, na hewa ya mtungi si ya kupumuliwa haraka haraka.

Ndipo akasikia mkono mguuni mwake. Ukamgusa, ukatulia. Ukamgusa tena, ukatulia. Kama unavyompigapiga mtoto mgongoni akishtuka usingizini. Shemeji alikuwa amejibana kando yake, mahali pa mtu mmoja, mgongo wake ukikwaruza mwamba, akapapasa mpaka akaifikia ile ndoano. Akaitoa. Wakatoka pangoni wote wawili.

Kitu ambacho mzamiaji hakukiona ni kwamba ule mwamba ulikuwa umemchania shemeji yake mfuko.

Wakapanda wakifuata ukuta wa mwamba, shemeji akijivuta kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Walipofika juu, mzamiaji akajaza mfuko wake, akaelea vizuri. Shemeji akajaza wake, na hewa yote ikatoka kwa povu pembeni mwake. Boti ilikuwa bado mbali. Mawimbi yakaanza kumfunika.

"Shemeji, nishike," akasema. Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Mzamiaji akamsogelea. Shemeji akanyoosha mkono, ukatafuta pa kushika. Begani, mkanda ulikuwa umekazwa, kidole hakipiti. Kiunoni, mkanda ulikuwa umekazwa, na pale ambapo ncha ingening'inia hapakuwa na kitu. Kila kitu mwilini mwa mtu yule kilikuwa saizi yake kamili. Basi shemeji akamshika shingoni, na wote wawili wakazama.

Wakaibuka. Mzamiaji akajaza mfuko, lakini ulikuwa umeshajaa, haupokei zaidi. Wakazama tena. Akameza maji, akaona giza. Na walipoibuka mara hii, akaushika ule mkono uliokuwa shingoni mwake, akautoa. Aliutoa kidole kimoja kimoja, kwa sababu ulikuwa umeng'ang'ania.

Nisiwaache mkiwa na hofu. Shemeji hakufa. Mwenye boti alikuwa ameona, akaja, akaruka na boya, akamkuta bado anahangaika juu ya maji. Alitapika sana, akalazwa, akarudi nyumbani kwake.

Mzamiaji akaenda kumwona. Akapokewa vizuri. Akawekewa kiti kile kizuri, akaulizwa habari za watoto, akaulizwa kama mvua imenyesha kwao. Habari ya godoro haikutajwa. Dada yake akaleta chai.

"Shemeji, unisamehe," mzamiaji akasema. "Nilikutoa mkono shingoni kwa sababu mfuko wangu haukutosha."

Shemeji akakoroga chai yake muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Ulitosha," akasema. "Ulikutosha."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika. Dada mtu alikuwa amesimama na sinia, na hakuwa ameambiwa jambo hilo mpaka dakika ile. Aliangalia tu vidole vya kaka yake.

"Nimekusamehe," shemeji akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Na alimsamehe kweli. Mpaka leo wanasalimiana, na sikukuu wanapelekeana chakula. Lakini hawazami tena pamoja. Na mmoja akicheka, mwingine inabidi aulize, unacheka nini?

Nafsi ya mzamiaji haikutulia. Akauchukua ule mfuko mwembamba, akaurudisha kwa yule mama wa dukani. Akamwambia, "Niangalizie. Nadhani una tundu." Mama akaujaza hewa, akauzamisha kwenye beseni la maji, wakainama wote wawili kutazama. Wakangoja. Hakikutoka kipovu hata kimoja.

"Mzima kabisa," mama akamwambia, akitabasamu, akidhani anampa habari njema.

Mmeelewa kwa nini mtu yule alilia pale dukani? Alikuwa ametamani sana mfuko uwe mbovu. Ungekuwa mbovu, angekuwa na la kusema. Lakini mfuko haukumwangusha. Ulifanya kazi yote aliyouchagulia.

Ndugu zangu, sisi hatuzami baharini. Lakini na sisi tulisimama mahali tukachagua. Tulichagua ukubwa wa sala zetu, tukachagua ukubwa wa siku zetu, na tulipoona kuna kipande kinaning'inia tukauliza, cha kushikwa na nani? Tukakata. Asubuhi tunasema, Mungu wangu, niinue. Naye anatuinua. Ndiyo maana hatuoni kosa. Mtu mmoja anaelea vizuri sana.

Mnamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akikaa pale, karibu na dirisha? Siku ile alisimama akasema mumewe amelazwa, na hana wa kumwachia watoto. Tulimwambia, tutakuombea. Na tuliomba, hakuna aliyedanganya. Lakini mmoja alikuwa na nguo za kufua, mmoja alikuwa na mgeni, mmoja mtoto wake alikuwa na mafua, na zote zilikuwa sababu za kweli. Siku ya kila mmoja wetu ilikuwa imekazwa kiunoni, haikuzidi popote. Alinyoosha mkono, akatafuta pa kushika. Kisha hakuja tena. Sasa tukikutana naye sokoni anatusalimia vizuri, anatuuliza habari za watoto.

Tusijifariji kwamba sisi si wabaya. Mzamiaji yule alikuwa mbaya? Alimpenda shemeji yake. Naogopa siku ambayo tutaipeleka mioyo yetu mbele za Mungu, tukitamani aikute na matundu, tuseme Bwana, tulichanwa, tulivunjika, ndiyo maana hatukuweza kumbeba mwenzetu. Naye ataizamisha kwenye maji, atatazama, na hakitatoka kipovu. Atatuambia, ni mizima. Tutajibu nini?

Kila mama aliye hapa anafunga mbeleko. Ukishafunga fundo kifuani, inabaki ncha ya kanga, inaning'inia. Sijawahi kumwona mama akichukua mkasi kuikata. Ni kwa nini? Kwa sababu aliye mgongoni amefungwa, hana shida. Lakini yuko mwingine anayetembea pembeni yako, na wewe mkono huu una ndoo, mkono huu una kapu, huwezi kumshika. Basi yeye anashika ile ncha. Hukumwambia ashike. Aliikuta ipo.

Tukimaliza hapa, tusitawanyike. Twendeni mpaka nyumbani kwa mwenzetu wa dirishani, wote, pamoja na watoto. Tukifika, tusianze kueleza habari za nguo na wageni na mafua. Tumsaidie alichonacho mkononi, kisha tukae karibu naye. Inawezekana hatatushika. Inawezekana atatuletea viti vizuri na kutuuliza kama mvua imenyesha. Tukae hivyohivyo, ncha ikining'inia, na kesho twende tena.