Mchango wa Simu ya Kiboko

Hadithi, hadithi!

— Na ije, tumeshakaa!

Ije na nini?

— Na ulimi wake!

Ulimi wa kweli au wa uongo?

— Tutauonja wenyewe!

Haya, onjeni polepole, usije ukawaunguza.

Hapo kale, ila si kale sana kwa kuwa simu zilikwishafika, palikuwa na bonde lenye bwawa moja tu. Bwawa hilo lilikuwa na mwenyewe. Si kwamba alilichimba. Alilala ndani yake tu, na akishalala hakuna wa kumwondoa. Huyo ni Kiboko.

Kiboko alikuwa na tumbo kubwa, mdomo mkubwa na simu ndogo. Simu hiyo aliipenda sana, lakini mapenzi yake hayakuzidi mwaka. Kila mwaka mvua zilipokwisha, Kunguru, mwenye duka kule nyuma ya kilima, aliruka juu ya bonde akitangaza:

"Kraa! Kraa! Mpya imetoka! Ya mwaka jana aibu! Kraa!"

Kiboko akisikia hivyo, anaitazama simu yake, anaiona haifai. Anatoka majini, pwaa! Anaitisha kikao cha mchango.

"Ndugu wananchi," anasema, "simu ya mkubwa ni simu ya bonde zima. Mimi nikionekana wa zamani, ninyi mtaonekana wa lini?"

Basi kila mnyama huleta kapu la mtama. Mtama unapelekwa kwa Kunguru pamoja na simu ya zamani, inarudi simu mpya. Asiyeleta kapu, hanywi maji. Ndivyo ilivyokuwa, mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo.

Sasa mwaka mmoja mvua zilikuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Zilinyesha kidogo, zikaaga. Mtama ukatoka mfupi, na masuke yake mepesi. Mama Kulwa, digidigi mwenye watoto mapacha, alivuna kapu moja tu. Kapu hilo ndilo lilikuwa chakula cha Kulwa na Doto mpaka mvua nyingine.

Kunguru akapita. "Kraa! Ya mwaka jana aibu!"

Mama Kulwa akakaa chini palepale alipokuwa.

Alipeleka kapu. Angefanyaje? Mtoto anaweza kulala na njaa akaamka, lakini bila maji haamki. Alilitua mbele ya Kiboko, akalishikilia kidogo, halafu akaliachia.

"Mbona limepungua?" Kiboko akauliza. "Nina mashaka na wewe."

"Ndilo lote, Mzee."

"Lote, lote! Kila mtu ananiambia lote. Haya, pita."

Pembeni alikuwa amesimama Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, ambaye ukimtazama haraka utadhani panya aliyesahau mkia wake nyumbani. Pimbi alimwona Mama Kulwa akigeuka. Aliwaona na mapacha wakiligeukia kapu, shingo zimepinda nyuma huku miguu inakwenda mbele.

"Wewe Kapimbi!" Kiboko akaita. "Mwaka huu utakwenda wewe dukani."

"Mimi, Mzee? Wako wakubwa hapa."

"Wakubwa wana matumbo makubwa. Tumbo lako wewe ni kama sikio langu, hata ukiiba utaiba nini? Chukua ukoo wako mbebe makapu. Peleka na hii chakavu, Kunguru aipokee. Na sikia. Nina mashaka."

"Una haki, Mzee," akasema Pimbi.

Ukoo wa Pimbi ukabeba makapu, wajomba mbele, mashemeji katikati, watoto nyuma. Tuku, tuku, tuku, mpaka nyuma ya jabali. Hapo Pimbi akasema, "Hebu tueni mizigo." Akaitoa ile simu akaitazama.

Kweli ilikuwa mbaya. Kioo chake kilikuwa na ukungu, huoni kitu. Ukiiwasha, sauti inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Pembeni ilikuwa na ufa mdogo, wa siku ile Kiboko alipoikanyaga mkutanoni.

"Lakini nina mashaka," Pimbi akajisemea. "Mwaka mmoja tu ndio unazeesha hivi?"

Akaupapasa ule ukungu kwa ukucha. Ukucha ukanasa. Akavuta kidogo. Chwa! Akavuta tena. Chwaruuu!

Ilikuwa nailoni. Ile ya dukani! Mnawajua wale walionunua makochi, na nailoni haijatoka mpaka leo, ukikaa inalia chwara chwara na jasho linakutoka? Kiboko alikuwa wa kundi hilo. Kwake yeye, kitu kikivuliwa nailoni kimeshakuwa cha zamani. Basi mwaka mzima alikuwa akiitazama dunia kupitia nailoni, nayo inachubuka, inashika tope, inafifia, na yeye analaumu simu.

Chini ya nailoni kioo kilikuwa kinang'aa, ungeweza kuhesabu masharubu yako.

Pimbi akacheka mpaka akashika jiwe. Kisha akafanya kazi. Akachukua unyasi, akatoa tope kwenye vitundu vya sauti, chokoa, chokoa. Akaifuta kwa jani laini. Akaenda kwenye jalala la nyuma ya duka la Kunguru, akaokota boksi zima na nailoni safi iliyobanduliwa na mteja mwenye haraka. Akaibandika vizuri, ukingo wake wenye maandishi ukiufunika ule ufa. Hakuingia dukani.

"Na mtama?" akauliza mjomba wake.

"Mtama unarudi ulikotoka," akasema Pimbi. "Nendeni mchana huu, wakati Kiboko amelala na watu wamejificha jua. Kila kapu mlangoni kwake. Msibishe hodi."

Kapu la Mama Kulwa alilipeleka mwenyewe. Mama Kulwa alikuwa porini na wanawe, wanatafuta majani. Pimbi akalitua kizingitini, akachota katika kapu lake mwenyewe akaliongeza mpaka likajaa, akalifunika jani ndege wasidonoe, akaliegemeza kwa vijiwe lisipinduke. Kisha akaondoka.

Mama Kulwa aliporudi, alisimama mbali. Akalitazama kapu. Kapu likamtazama.

"Mama, mtama!" Kulwa akarukaruka.

"Usiguse!"

"Ni kapu letu, mama!" akasema Doto.

"Najua ni letu. Ndiyo maana naogopa. Tangu lini mchango unarudi? Na mbona limejaa kuliko nilivyolipeleka? Huu ni mtego. Kesho watakuja, watasema nimeiba mtama wa mkubwa, tufungiwe bwawa."

Watoto wakalia. Mama Kulwa naye machozi yakamtoka, lakini hakuwasha moto. Asubuhi akajitwika lile kapu kwenda kulirudisha kwa Kiboko. Alipokaribia bwawani akalificha chini ya kichaka, akawakalisha mapacha kando yake. "Msile hata punje," akawaambia. "Ngoja nikaseme kwanza."

Kule bwawani, mbele ya wanyama wote, Kiboko alikuwa amefungua boksi. Amewasha simu, mng'aro umempiga usoni, mdomo umebaki wazi.

"Lo! Hii ndiyo simu! Ile ya zamani ilikuwa takataka."

"Takataka kabisa, Mzee," akasema Pimbi.

Kiboko akaigeuza. Akainusa. Akakunja uso.

"Nina mashaka. Mbona inanukia tope langu?"

"Una haki, Mzee. Nimeipitisha njia nzima ikiwa mkononi, na mkono wangu ulikuwa umetoka kukusalimia."

"Nina mashaka. Mbona picha zangu zimo?"

"Una haki, Mzee. Kunguru amezihamisha. Angeziacha kwenye ile, mnunuzi wake angekuona ukioga."

"Nina mashaka! Mbona ni nyepesi kama ile?"

"Una haki, Mzee. Ingekuwa nzito wangesema mkubwa anabeba jiwe."

Mtu mwenye mashaka akijibiwa vizuri, mashaka yake hayaishi, yanahamia chumba kingine. Macho ya Kiboko yakawa madogo.

"Kapimbi. Ile ya zamani hukumpa Kunguru. Umeificha kwenye majabali yako uitumie wewe na mashemeji zako. Sasa sikia. Naipigia. Ikilia kule kwako, nakukanyaga wewe na majabali yako yote."

Pimbi akapiga hesabu haraka. Kulia kule haiwezi. Lakini je, ikilia hapahapa, mkononi mwa Kiboko?

"Laini ya humu ni mpya, Mzee, na namba yake ni nyingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo nataka. Namba yangu ya zamani ninaijua kichwani. Nani ana vidole vyembamba hapa? Wewe, Mama Kulwa! Umekuja saa nzuri. Njoo ubonyeze kwa kwato zako. Wewe huna uongo."

"Mzee, mimi nimekuja nina jambo…"

"Jambo baadaye! Bonyeza."

Kiboko akataja namba, Mama Kulwa akabonyeza. Tit, tit, tit, tit. Wanyama wote wakatega masikio. Mama Kulwa akaiweka simu sikioni. Pimbi akafumba macho.

Simu haikulia majabalini. Haikulia bwawani. Ndani ya sikio la Mama Kulwa, sauti ya mwanamke mpole ikasema: "Simu unayopiga inatumika kwa sasa."

"Inasemaje?" Kiboko akanguruma.

Mama Kulwa akaitoa simu sikioni. Akaitazama. Nailoni ilikuwa imejikunja kidogo ukingoni kwa joto la sikio lake, na chini yake pakatokea ufa mdogo. Ufa ule aliujua. Kiboko alipoikanyaga simu mkutanoni, Mama Kulwa ndiye aliyeiokota akamkabidhi.

Akamtazama Pimbi. Pimbi alikuwa amesimama, na kwenye manyoya ya kifua chake zimeshika pumba za mtama.

Basi hakuna simu iliyonunuliwa; hii ni ileile, inajipigia yenyewe. Basi mtama haukwenda dukani. Mama Kulwa akalikumbuka lile jani lililofunika kapu, na vile vijiwe.

"Nimekuuliza inasemaje!"

"Inatumika, Mzee," akasema Mama Kulwa.

"Inatumika? Na nani?"

"Huyo aliyeuziwa na Kunguru, Mzee. Anaongea."

"Piga tena!"

Tit, tit, tit, tit. "Inatumika, Mzee."

"Bado? Anaongea nini muda wote huo?"

Mama Kulwa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusema uongo hata wa kumbembeleza mtoto, akaisogeza simu karibu zaidi na sikio. "Sisikii vizuri, Mzee. Ila kuna vicheko."

Pimbi akafumbua jicho moja.

"Vicheko!" Kiboko akasema. Akaichukua simu yake. Akaitazama. Ilikuwa inang'aa, iko kimya. "Mbona mimi hii mpya hajanipigia mtu?"

"Na ile takataka watu wanaigombea! Kunguru kanipunja. Ile ndiyo ilikuwa nzuri. Kapimbi, mwakani sitaki mpya, umesikia? Mwakani nataka ile ya zamani."

"Una haki, Mzee. Lakini mwenye nayo sidhani kama ataitoa."

"Nitamwomba mwenyewe. Nitampigia mpaka apokee." Kisha akakumbuka. "Na wewe, Mama Kulwa, ulisema una jambo gani?"

Kule kichakani Doto alipiga chafya, chii!

"Nimekuja kukupongeza, Mzee," akasema Mama Kulwa. "Kwa simu mpya."

"Asante. Wewe una adabu."

Kiboko akawapa mgongo, akaanza kubonyeza kwa ncha ya jino. Tit, tit, tit, tit. Inatumika. Akaingia majini na simu yake juu ya kichwa. Tit, tit, tit, tit. Inatumika. Nyuma yake wanyama wakashuka ukingoni mmoja mmoja, wakanywa, wala hakugeuka kuuliza nani kaleta kapu na nani hakuleta.

Mama Kulwa akapita karibu na Pimbi. Hawakusimama.

"Jirani," akasema chini kwa chini, "una pumba kifuani."

"Asante, dada," akasema Pimbi, akajipangusa.

Kule kichakani Kulwa na Doto walikuwa wameketi vilevile, mikono mapajani, hawajala hata punje. Mama Kulwa akawatazama, akajitwika kapu. "Twendeni," akasema, "nikawapikie." Siku hiyo moshi ulitoka kila nyumba bondeni, na kila mwenye nyumba alikuwa akimwangalia jirani yake kwa mashaka, asijue kama naye amerudishiwa.

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Kiboko majini ametoa masikio tu, yanachezacheza, usidhani anafukuza inzi. Anasikiliza kama imepokelewa.

Hadithi yangu imefika. Aliyeipenda aisindikize, aliyeichukia aifungie mlango.

— Na mafunzo yake?

Mafunzo yake ni mengi, wanangu. Kwanza, badilisheni simu kila mwaka, msionekane washamba. Pili, ukikuta chakula mlangoni kwako kimefunikwa jani, usile, dunia imeharibika, hakuna jirani mwema siku hizi. Tatu, msiseme uongo kamwe, hata mara moja, maana mwenye kusema uongo watoto wake hulala na njaa.

— Mama Kulwa je?

Mama Kulwa nani? Lala.