Breki za Mashindano na Kiti cha Getini

Wengi husifia mwendo, na mashine kunguruma,
Sifa ya gari ni tendo, la papo hapo kukoma.

Katika mji mmoja wa milimani, ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipande, Mzee Kaoneka alikuwa na magari mawili madogo ya kupeleka watoto shule, yaliyolingana kwa umbo na umri. Mwaka ule aliamua kuuza moja. Madereva wake nao walikuwa wawili, Singano na Kilua, na kazi ilibaki ya mmoja.

Singano aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Hakujua kulima wala kuuza dukani. Alijua usukani tu. Zaidi ya hayo, Kilua alikuwa amemwoa dada yake. Kushindwa na mgeni husahaulika, lakini kushindwa na shemeji husimuliwa kila sikukuu.

"Breki za magari yote mawili zimekwisha," Mzee aliwaambia. "Nendeni duka la spea, kila mtu achague pedi na diski azitakazo. Jumamosi asubuhi nitawapima. Atakayeniridhisha ndiye atakayebaki."

Singano hakuhitaji kuambiwa mtihani ungefanyikia wapi. Kutoka mjini kuelekea tambarare kulikuwa na mteremko mrefu, kona baada ya kona. Ni wapi pengine mtu angepimia breki? Akachagua pedi za mashindano, zile zitumiwazo na madereva wa mbio za magari, na diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi, zilizotobolewa matundu ili zipoe upesi. Vyuma vinavyozishika pedi akavipaka rangi nyekundu.

Kilua alichagua pedi za kawaida, za gari la safari fupi za kila siku. Diski zake za zamani zilikuwa na mikwaruzo inayonasa ukucha, kwa hiyo akachukua mpya, bapa, zisizo na tundu hata moja. Kisha akashinda kutwa kwenye barabara ya uwanja wa mpira, akienda na kupunguza mwendo, akienda na kupunguza, ili pedi na diski zizoeane.

"Shemeji," Singano alimwambia, "hizo ni breki za gari la harusi."

"Gari la harusi lisiposimama, shemeji, bibi harusi atashukia wapi?"

Singano akateremka mlima kujaribu zake. Mwanzoni gari lilikuwa zito kusimama, na breki zilipiga kelele. Baada ya kona kadhaa pedi zikapata moto, zikawa zinashika kama taya za mamba. Aligusa kanyagio kidogo tu, gari likatii. Alirudi akipiga mluzi.

Madereva wa mji ule wana desturi moja: gari halionyeshwi kwa mwenyewe kabla ya kuoshwa. Alfajiri ya Jumamosi Singano alilimwagia lake maji baridi mpaka ndani ya magurudumu, wekundu ule ung'ae. Kilua naye akaosha la kwake.

Mzee aliwangoja getini, upande wa chini wa yadi yake yenye mteremko. Alikuwa amechora mstari wa chokaa, na mbele kidogo ya mstari ameweka kiti cha plastiki chenye birika la chai na bakuli la vitumbua. Singano alidhani ni kifungua kinywa chao kabla ya safari ya mlimani.

"Kilua, shuka taratibu, usimame kwenye mstari."

Kilua akashuka, akasimama kwenye mstari.

"Singano."

Singano aligusa kanyagio kama alivyoligusa mlimani. Gari halikutii. Akakandamiza kwa nguvu zote. Gari likavuka mstari, likapindua kiti, vitumbua vikabingirika, nalo likaja kusimama barabarani, nje ya geti.

"Mzee, pedi hizi zilikuwa hazijapata moto," alisema akishuka. "Twende mlimani ukaone."

"Mlimani ungemshinda shemeji yako, nakubali. Lakini watoto wa mtaa huu wanalingojea gari wapi?"

Singano akakitazama kiti. Pale kilipokuwa ndipo alipokuwa akiwakuta watoto kila asubuhi, wakisukumana na mabegi mgongoni.

"Hapa," akajibu.

"Nao wangoje breki zako zipate moto?"

Singano akainama. Akainua kiti. Kilua akaja kumsaidia kuokota vitumbua, wala hakumtania. Hilo lilimuuma Singano kuliko utani.

Jumatatu Kilua alishuka yadi na gari baridi, lililotoka kuoshwa, matairi yakidondosha maji. Watoto walikuwa wakisukumana getini kama kawaida yao. Gari likasimama kwenye mstari, na watoto wote wakabaki wamesimama.

Funzo: Chagua kifaa kwa kazi unayoifanya kila siku, si kwa kazi unayotamani watu wakuone ukiifanya.