Harusi Isiyokatwa

Duka la fundi wa video lilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, feni iliyokohoa zaidi ya kupuliza, na kompyuta ya mezani nzito kama jiwe la kusagia. Juu ya mlango palikuwa na maandishi mekundu: HARUSI NZIMA, HATUKATI. Hayakuwa mapambo. Zamani fundi huyo aliwahi kukata video ya harusi moja, na kabla mwaka haujaisha maharusi nao wakaachana. Mtaa ukatoa hukumu: kisu kilichokata video ndicho kilichokata ndoa. Tangu hapo akarekodi kila harusi kuanzia viatu kufungwa hadi gari kuondoka, faili moja tu, refu kama siku ya njaa. Watu wakambandika jina la Mzima.

Jumapili moja asubuhi na mapema, bi harusi wa juzijuzi alisimama mbele ya meza ya Mzima. Bibi yake mzaa baba angelazwa kesho asubuhi afanyiwe upasuaji wa jicho, lile moja lililobaki likiona. Daktari hakumficha: huenda likapona, huenda likazima kabisa. Ugonjwa huo ulimzuia kuhudhuria harusi, na sasa alikuwa na ombi moja: amwone mjukuu wake ndani ya gauni, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kwenda hospitali.

Mzima akachomeka flashi. Kompyuta ikatafakari, kisha ikaandika: faili ni kubwa mno.

"Imejaa hiyo," alisema shangazi wa bi harusi, mwenye flashi, aliyekuja kusimamia mambo bila kuombwa. "Futa nyimbo zangu."

Mzima akafuta.

"Futa picha za safari."

Akafuta. "Na hizi za paka?"

Shangazi akafumba macho. "Marehemu yule. Futa. Mungu atanilipa."

Flashi ikabaki tupu kama tumbo la mwenye saumu. Kompyuta ikajibu vilevile.

"Kubwa mno vipi?" Shangazi akawaka. "Flashi ni ya gigabaiti sitini na nne, harusi ni thelathini. Hesabu hiyo hata kuku anaiweza!"

Mzima akajikuna kisogo. "Shangazi, nafasi ipo tele. Tatizo ni mpangilio wa flashi hii. Haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne. Ni kama nyumba ya vyumba kumi yenye mlango mwembamba. Kabati halipiti mpaka ulifungue vipande."

"Ubadilishe huo mpangilio, basi."

"Nikiubadilisha, televisheni ya Bibi haitausoma. Ni ya zamani, haijui mwingine."

"Kata," bi harusi akasema.

Shangazi akajishika kifua. "Wewe mtoto! Hina haijafutika mkononi unataka kuachika? Umesahau ya wale wenzako?"

"Shangazi, yule bwana harusi alikuwa akilala nje ya nyumba."

"Alianza video ilipokatwa!"

"Hapana," Mzima alisema, macho chini. "Siku ya harusi yenyewe alichelewa, akashushwa na gari la mwanamke mwingine. Nilikata pale ili nimsitiri."

Shangazi akamwona mpwa wake akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, moyo ukamlainika kama samli juani.

"Sikizeni," alisema. "Kisu kisiguse kiapo, wala pete, wala keki. Kata kwenye hotuba yangu. Ndoa yangu mimi ilishakatika zamani, kisu hakina cha kunifanya."

"Asante, Shangazi. Lakini nahitaji sehemu nyingi za kukatia."

"Hotuba ilikuwa ndefu."

Mzima akaipitia, jasho likimtoka. "Kweli. Itatubebea tatu."

Sehemu nyingine alizipata wageni walipokuwa njiani na kwenye foleni ya chakula. Harusi ikawa vipande, na kila kipande kikapenya kwenye flashi kama uzi kwenye tundu la sindano.

Sebuleni kwake, Bibi aliketi karibu na kioo cha televisheni hadi pua ikakaribia kukigusa. Kila kipande kilipoisha, alijiwekea kitambaa chenye maji baridi juu ya jicho, akapumzika, kisha akaamuru, "Haya, leteni kingine." Kipande kimoja kikakoma Shangazi akiwa ameinua kidole, mdomo wazi.

"Ajabu!" Bibi akacheka. "Tangu nimzae, leo ndiyo mara ya kwanza huyu kunyamaza katikati ya neno."

"Mama, nawe!" Shangazi akalalamika, lakini alicheka kuliko wote.

Mzima, aliyekuja kuhakikisha televisheni haigomi, alikiri kwamba hata yeye hajawahi kufika mwisho wa harusi zake. Faili lilimshinda kila mara, akisinzia kabla ya keki. Bibi hakusinzia. Alikula kipande kimoja, akapumua, akala kingine, hadi jua likaanza kushuka na kikabaki cha mwisho.

Humo gari la maharusi lilikuwa likiondoka. Ghafla dirisha likashuka, bi harusi akachungulia na kutazama moja kwa moja kwenye kamera. "Bibi! Hukuweza kuja, lakini leo nzima nilikuwa nakuvalia wewe. Umeniona?"

Bibi akanyoosha mkono, akaushika ule uso kwenye kioo, ingawa mjukuu mwenyewe alikuwa papo hapo, amemwegemea begani.

"Nimekuona, mama," aliijibu televisheni. "Nimekuona mwanzo hadi mwisho." Akajifunga kanga vizuri. "Haya, nipangieni nguo za hospitali. Jicho langu sasa halidai kitu."

Ndipo Shangazi, ambaye hakuwa mwepesi wa kushindwa, akaichomoa flashi, akaigeuzageuza kiganjani na kusema kwa sauti ya chini kwamba wahenga hawakutudanganya: bandubandu huisha gogo.