Mbwa wa Bonde la Makalala

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kusimulia ni kazi yangu, kuhukumu ni kazi yenu.

Bi Matika alikuwa mjane mwenye watoto watatu, wote watu wazima wenye maboma yao. Chiwanga, mkubwa, alijaliwa masikio: alisikia mchwa wakitafuna nguzo ndani ya ukuta. Sechelela, binti wa kati, alijaliwa pua: alinusa maziwa akajua ng'ombe alikula majani gani. Ndahani, kitinda mimba, alijaliwa utulivu. Fahali mwenye hasira akimjia, yeye alisimama tu, na fahali akapoa.

Ng'ambo ya kijiji chao palikuwa na bonde la Makalala. Zamani watu waliishi huko, wakahama wote kwa sababu ya kupe, zikabaki kuta bila mapaa. Mwaka ule wa ukame ni bonde hilo tu lililokuwa na nyasi, ndefu kufika kifuani, na hakuna aliyethubutu kulisha mifugo huko. Ukisimama ukingoni mchana wa jua kali, bila upepo wowote, uliona ncha za nyasi zikitikisika. Kila ncha ilijaa kupe, wameinua miguu ya mbele kama watoto wanaotaka kubebwa. Ukisogea kushoto, nao wanageukia kushoto. Ng'ombe aliyeingia humo alitoka akipepesuka, ufizi umekuwa mweupe, na hakuishi sana.

Siku moja ng'ombe wa Bi Matika, wa pekee aliyebaki, alikata kamba akakimbilia majani mabichi ya bondeni. Bi Matika akamfuata. Adhuhuri ikafika, hajarudi. Watoto wake wakaja na nusu ya kijiji, wakasimama ukingoni wakiita. Kimya. Hata ndege hakulia.

"Nyamazeni," akasema Chiwanga. Akafumba macho. "Namsikia mama. Anahema, yuko kwenye yale magofu. Lakini pumzi ni mbili."

"Ya pili ni ya ng'ombe?" akauliza Sechelela.

"Hapana. Ng'ombe simsikii tena. Hii ni ya mnyama mdogo zaidi, na amelala ubavuni pa mama."

Chiwanga akajitosa nyasini. Hakufika mbali, akarudi akipiga kelele, miguu myeusi tii kufika magotini, na weusi ule ulikuwa unatembea. Walipokuwa wakimbandua kupe, akashtuka. "Ile pumzi ya pili inakuja huku."

Nyasi zikagawanyika, akatokea mbwa jike, mwekundu, mwenye mimba. Hakuna aliyemjua. Alikuwa ametoka katikati ya kupe wasiohesabika, na mwilini mwake hapakuwa na hata mmoja.

"Msimguse!" akapiga kelele Mzee Chidumizi. "Huyo ni mbwa wa waliokufa. Damu hana, ndiyo maana kupe hawamtaki." Watu wakaokota mawe.

Sechelela akasimama mbele yao, mikono wazi. "Shikamoo, babu, lakini ngoja kwanza. Ananuka."

"Mbwa gani hanuki?"

"Si hivyo. Ananuka uchungu, kama kokwa iliyopondwa."

Akamtoa kupe mmoja mguuni mwa kaka yake, akamweka kwenye ncha ya kijiti kirefu, akamsogeza karibu na mbwa. Kupe akatambaa mbele, akasita, akageuka, akarudi mbio kuelekea vidole vya Sechelela. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

"Damu anayo," akasema. "Ni harufu ya ngozi yake inayowafukuza. Tukiipata, tutampata mama."

Kuipata ndiko kulikokuwa kazi. Mbwa alionyesha meno kwa kila aliyesogea. Ndahani akavua shati, akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mbwa akaudaka. Damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko, na Ndahani hakuuvuta.

"Najua," akamwambia polepole. "Najua. Twende kwa mama."

"Harakisha, mdogo wangu," akanong'ona Chiwanga. "Tangu mbwa atoke, mama anahema haraka haraka."

Taratibu mbwa akauachia mkono. Ndahani akamsugua mwili mzima kwa shati na kwa khanga za wanawake, akajifunga nguo zile miguuni, mikononi na shingoni, akaingia nyasini, mbwa mbele. Kupe wakampisha. Nyuma yake Chiwanga alipaza sauti: "Kulia! Sasa mbele! Umempita, rudi!"

Akamkuta Bi Matika kwenye kizingiti cha gofu, mguu umevunjika. Ng'ombe alikuwa amelala kando, amekufa. Kumzunguka mama palikuwa na duara la udongo mtupu, na ukingoni mwake kupe walijipanga safu kwa safu, miguu juu. Tangu mbwa aondoke, duara lilikuwa linapungua. Safu ya mbele ilikwishafika kwenye upindo wa nguo yake.

"Usiseme kwa sauti," mama akanong'ona. "Wanageukia pumzi."

Ndahani akamfunika kwa khanga moja, akambeba mgongoni, akatoka naye, mbwa akiwafuata hadi nyumbani.

Mguu wa Bi Matika uliunga. Yule mbwa alizaa kwake mtoto mmoja tu, akamnyonyesha hadi akaanza kula, kisha akarudi bondeni. Chiwanga alitega sikio kila siku, hakumsikia tena. Mtoto ana harufu ileile chungu. Atakayekuwa naye atawalisha ng'ombe wake nyasi za Makalala, mbwa akiwafukuzia kupe, nao watapona ukame. Na mbwa mmoja hawezi kuchunga ng'ombe wa maboma matatu yaliyo mbalimbali.

"Bila masikio yangu msingejua mama yuko hai, wala yuko wapi," akasema Chiwanga.

"Bila mimi, kaka, mbwa angekufa kwa mawe," akasema Sechelela.

Ndahani akaonyesha tu kovu la mkono wake.

Bi Matika alikataa kuamua. "Nikimpa mmoja, nitawadhulumu wawili walionirudishia uhai," akasema, akalipeleka shauri barazani. Wazee wakabishana mpaka sauti zikawakauka, wala hawakuafikiana. Ng'ombe wa wote watatu wanazidi kukonda, na bonde linangoja na nyasi zake zinazotikisika bila upepo.

Basi, nyinyi mlionisikiliza: mtoto wa mbwa apewe nani?